Kitambuzi Kikinyamaza Nyumbani

Wasomaji wa gazeti letu, katika likizo iliyopita nilipewa kazi moja nyumbani kwetu, nayo ilinifundisha mambo mengi kuliko kurasa nyingi za kitabu changu cha Fizikia. Nimeona si vizuri kukaa na maarifa hayo peke yangu. Siku hizi katika nyumba za watu wengi hapa Uganda, hasa mijini na kando ya miji, vimeanza kuwekwa vyombo vidogo vya kutambua mambo: mlango ukifunguliwa, moshi ukitokea, maji yakipungua katika tangi, au mtu akihitaji msaada. Vyombo hivi nitaviita vitambuzi. Havina waya. Hupeleka habari kwa mawimbi ya redio, na habari hiyo hufika katika simu ya mwenye nyumba. Vikifanya kazi vizuri ni msaada mkubwa. Vikidhoofika, vyaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa navyo kabisa, na sababu yake nitaieleza.

JAMBO LILILOTOKEA

Bibi yetu, ambaye sisi wajukuu twamwita Jajja, amepita miaka 70 na hulala peke yake katika nyumba yake ndogo ya matofali. Nyumba ya mjomba wangu imo katika kiwanja kile kile, na kutoka kwake mpaka bafu la Jajja ni kama hatua 30. Bafu hilo liko nyuma ya nyumba ya Jajja. Lina kuta za matofali, paa la mabati na mlango wa chuma, na kando yake pana migomba. Mjomba alimwekea mama yake vitambuzi vinne: kimoja mlangoni, kimoja cha moshi jikoni, kitufe cha kuitia msaada kando ya kitanda, na kitufe kingine bafuni. Kitufe kikibonyezwa, simu ya mjomba hulia.

Usiku mmoja wa mvua Jajja aliteleza bafuni akaumia kifundo cha mguu, asiweze kusimama. Akabonyeza kitufe, akabonyeza tena na tena. Simu ya mjomba haikulia hata mara moja. Jajja akakaa sakafuni mpaka alfajiri, binamu yangu alipotoka kwenda kuteka maji akasikia sauti yake. Kwa bahati njema hakuvunjika mfupa. Lakini tangu siku ile hakukiamini tena kitufe kile. Alisema, "Afadhali mnipe filimbi."

Mjomba alisikitika sana. Fundi mmoja alimwambia kwamba kitufe ni kibovu, anunue kingine. Lakini kile kilikuwa tayari ni cha pili. Cha kwanza kilikuwa kimesemwa vile vile. Tena jambo la ajabu ni hili, kwamba kila mjomba alipokijaribu mwenyewe mchana, simu ililia bila kosa. Basi nilipofika kutoka shuleni akaniambia, "Wewe wasoma Fizikia. Hebu tazama kuna nini."

KITAMBUZI HUSEMAJE?

Kabla ya kutafuta kasoro, yatupasa kujua kitu kinavyofanya kazi kikiwa kizima. Zamani katika Kiswahili telegrafu isiyo na waya iliitwa simu ya upepo. Jina lile lapendeza, lakini mawimbi ya redio hayachukuliwi na upepo. Hupita hata mahali pasipo hewa, kwa mwendo wa kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi ya vitambuzi vyetu hutetemeka mara milioni 2,400 na zaidi kwa sekunde, yaani gigahezi 2.4. Ukigawanya mwendo kwa idadi hiyo utaona kwamba urefu wa wimbi moja ni kama sentimeta 12 na nusu, karibu upana wa ukurasa wa daftari dogo. Kumbuka kipimo hiki, kitatufaa mbele.

Vitambuzi vya mjomba hufuata utaratibu uitwao Zigbee, ambao kanuni zake za kwanza zilikamilishwa mwaka 2004. Katika utaratibu huu mna vyombo vya namna tatu.

Cha kwanza ni kituo kikuu, kinachopokea habari zote. Kwa mjomba ni kompyuta ndogo yenye kijiti cha redio kilichochomekwa ubavuni mwake.

Cha pili ni kitambuzi chenyewe, kinachotumia betri. Aghalabu ni betri ya volti 3, ya duara kama sarafu, nayo hutakiwa kudumu mwaka mzima au zaidi. Ili isiishe upesi, kitambuzi hulala karibu wakati wote. Huamka mara moja tu kusema neno lake, kisha hulala tena. Nacho husema kwa sauti ndogo sana, kwa kawaida miliwati 1 hadi 10. Balbu ya wati 10 hutumia miliwati 10,000, kwa hiyo waweza kufikiri mwenyewe jinsi sauti hiyo ilivyo ndogo.

Cha tatu nitakiita tarishi. Hiki ni chombo kinachopata umeme wa nyumba, kama vile balbu ya kisasa au soketi ya kisasa, nacho hakilali. Pamoja na kazi yake ya kawaida, hupokea maneno ya vitambuzi vilivyo karibu na kuyapeleka mbele mpaka kituoni. Kitambuzi hakina haja ya kupiga kelele mpaka mwisho wa kiwanja. Chatosha kumnong'oneza tarishi aliye jirani.

Basi, kitambuzi kikinyamaza, kasoro yaweza kuwa mahali pengi: katika betri, katika njia, katika kituo, katika kelele za vyombo vingine, au kwa tarishi. Mtu anayekimbilia kununua kitambuzi kipya anatibu mahali pamoja tu kati ya hapo pote.

KWANZA, ANDIKA

Siku ya kwanza sikugusa kitu. Nilichukua daftari nikaandika mambo manne kwa kila kitambuzi: nguvu ya sauti yake, hali ya betri, saa kiliposikika mara ya mwisho, na wakati kinaposhindwa. Mambo haya huonyeshwa na programu ya kituo, lakini watu wengi hawaifungui mpaka mambo yaharibike.

Nguvu ya sauti huandikwa kwa desibeli, na namba yake huwa na alama ya kutoa. Kadiri namba inavyokuwa kubwa nyuma ya alama hiyo, ndivyo sauti ilivyo ndogo. Kila ikishuka kwa 10, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Ikishuka kwa 20, imebaki sehemu moja ya mia. Vipokezi vingi vya namna hii husikia mpaka karibu hasi 100. Lakini mtu mwenye busara hangoji kufika huko. Mimi nilijiwekea kanuni hii: mpaka hasi 75 ni salama, toka hapo mpaka hasi 85 ni kuangaliwa, na kupita hapo ni hatari.

Kisha nilijiwekea kipimo kingine kisichohitaji programu yoyote. Nilibonyeza kitufe cha bafuni mara 20, nikingoja kidogo kila mara, na binamu yangu akahesabu simu ililia mara ngapi. Mchana ililia mara 20. Nikaona kwamba nimefika pale pale alipofika mjomba. Lakini Jajja hakuanguka mchana. Basi nikarudia usiku saa nne, wenyewe wamekwisha lala. Simu ililia mara 6 tu, na programu ikaonyesha hasi 91.

Hili ndilo fundisho la kwanza: kijaribu chombo wakati ule ule kinaposhindwa, na mahali pale pale. Ukimpima mgonjwa wa homa saa anapojisikia vizuri, utamwambia yu mzima.

PILI, KILETE KARIBU

Nilikichukua kitufe cha bafuni usiku ule ule nikakileta hatua tatu kutoka kituoni. Nikabonyeza mara 20. Kikasikika mara 20. Kwa hiyo kitufe hakikuwa kibovu. Jaribio hili ni la dakika chache, nalo lingemwokolea mjomba bei ya kitufe cha pili.

Kama kitambuzi kinashindwa hata karibu, tazama betri. Lakini jihadhari, maana betri iliyochoka hudanganya. Ukiipima kwa mita ikiwa imepumzika, yaweza kuonyesha karibu volti 3. Redio inapoamka na kuvuta umeme kwa ghafula, volti hushuka na kitambuzi hukatika katikati ya neno. Njia ya hakika ni kuweka betri mpya unayoijua kuwa nzima, kisha kujaribu tena.

TATU, MUULIZE MWENYE NYUMBA

Sasa nilijua kwamba kitufe ni kizima na kwamba shida ni ya usiku. Lakini kwa nini usiku? Nilifikiri habari za umande na baridi, nikaandika nadharia nyingi katika daftari. Asubuhi nikaona ni heshima kumwuliza Jajja mwenyewe, na kumbe hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Nikamwambia, "Jajja, nisamehe nikuulize. Usiku kabla ya kulala hufanya nini?"

Akasema, "Mjukuu wangu, nafunga mlango, nazima taa ya barazani, nalala. Umeme ni fedha. Siwezi kuiacha taa iwake usiku kucha na hakuna anayeitazama."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Balbu ya barazani kwa Jajja ilikuwa balbu ya kisasa, nayo ndiyo iliyokuwa tarishi wa pekee kati ya bafu na kituo. Mjomba alikuwa ameipangia ijiwashe na kujizima yenyewe, bila kukata umeme wake. Jajja alikuwa akiizima kwa swichi ya ukutani, kama alivyofanya maisha yake yote. Swichi ikizimwa, balbu haina umeme, na tarishi hayupo. Kitufe cha bafuni hubaki yatima, kikijaribu kuita kituo moja kwa moja kupitia kuta, mabati na migomba. Kila asubuhi binamu yangu alipofagia baraza aliirudisha swichi ile, na mambo yakawa mazuri tena.

Mjomba aliposikia alitaka kubandika karatasi juu ya swichi: USIZIME. Mimi nilimwomba asifanye hivyo. Jajja hakukosa. Ni haki yake kuzima taa yake mwenyewe. Chombo kinachomlazimu mtu mzee kuacha desturi njema ya kubana matumizi, na kinachokufa akisahau, hakikupangwa vizuri. Tena hata kama Jajja angeacha kuizima, je, umeme ukikatika? Nasi twajua sote kwamba hukatika, na hasa siku za mvua kubwa. Kwa hiyo niliona yafaa kuifanya njia yenyewe iwe imara kwanza, bila kuitegemea balbu, na ndipo tutafute tarishi mwingine.

NNE, TAZAMA KITUO KILIPO

Kituo cha mjomba kilikuwa ndani ya kabati la chuma sebuleni, ili watoto wasikichezee. Chuma huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kukifungia kituo ndani ya kabati la chuma ni kama kumweka bawabu katika chumba kisicho na dirisha, kisha kumlaumu kwamba hasikii hodi.

Palikuwa na jambo la pili. Kijiti cha redio kilichomekwa kando kabisa ya diski ya kuhifadhia picha, iliyotumia tundu la USB la namna ya 3.0. Matundu na nyaya za namna hiyo, vinapopeleka habari kwa kasi, hutoa kelele ya redio katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kijiti kilichokaa hapo ni kama mtu anayesikiliza mnong'ono huku mwenzake anatwanga mahindi kando ya sikio lake.

Dawa ni rahisi. Nilikitoa kituo kabatini nikakiweka juu ya rafu ya mbao karibu na dirisha linaloelekea kwa Jajja, na kijiti nikakichomeka kwa waya wa kurefusha wa meta 1 na nusu, mbali na diski. Usiku nikajaribu, taa ya barazani ikiwa imezimwa. Nguvu ilipanda kutoka hasi 91 mpaka hasi 83, na kitufe kikasikika mara 12 kati ya 20.

TANO, TENGANISHA SAUTI

Masafa ya gigahezi 2.4 si mali ya Zigbee peke yake. Wi-Fi imo humo, na majiko ya mikrowevu yanapopika hutoa kelele humo pia. Wi-Fi ina nguvu kuliko kitambuzi, na chaneli yake moja ni pana, hufunika chaneli kadhaa za Zigbee.

Zigbee ina chaneli 16 katika masafa haya, zilizoandikwa namba 11 mpaka 26. Wi-Fi nayo ina namba zake mwenyewe, na hapa wengi hupotea. Chaneli 11 ya Wi-Fi si chaneli 11 ya Zigbee. Yafaa kukumbuka hivi:

Wi-Fi ikiwa chaneli 1, hufunika Zigbee 11 mpaka 14.
Wi-Fi ikiwa chaneli 6, hufunika Zigbee 16 mpaka 19.
Wi-Fi ikiwa chaneli 11, hufunika Zigbee 21 mpaka 24.

Zigbee 15, 20, 25 na 26 zimo katika nafasi zilizobaki, ingawa vyombo vingine havisikiki vizuri katika 26. Kwa mjomba, Zigbee ilikuwa katika 11 na Wi-Fi katika 1, yaani wawili walikuwa wakisema katika chumba kimoja. Kuhamisha Zigbee mara nyingi hulazimu kuunganisha vitambuzi vyote upya. Kuhamisha Wi-Fi ni kazi ndogo, maana simu na kompyuta huifuata zenyewe. Basi nilifungua ruta nikaiweka Wi-Fi katika chaneli 11, nikaizuia isijibadilishe yenyewe.

Usiku ule kitufe kilisikika mara 16 kati ya 20. Lakini tazameni jambo hili: namba ya nguvu haikubadilika, ilibaki hasi 83. Nguvu ni kitu kimoja, na utulivu wa mahali ni kitu kingine. Katika soko lenye kelele hata mwenye sauti hasikiki, na katika chumba kimya hata mnong'ono wafika. Kwa hiyo usitazame namba ya nguvu peke yake. Hesabu pia maneno yanayofika.

SITA, TAZAMA NJIA

Mawimbi hudhoofika kwa umbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukuta wa matofali hupunguza tena, na ukuta uliolowa hupunguza zaidi. Maji ni adui mkubwa wa mawimbi haya, ndiyo sababu tangi lililojaa, au hata mwili wa mtu, huweza kuyazuia. Migomba nayo, shina na majani, imejaa maji. Mvua ikinyesha, si matone yanayoanguka hasa yaletayo shida katika umbali mdogo kama ule. Shida hutoka katika kuta na majani yaliyolowa. Usiku ule Jajja alipoanguka, mambo yote yalikutana: taa imezimwa, kuta zimelowa, migomba imelowa, na mlango wa chuma umefungwa.

Hatukukata migomba, maana ndiyo chakula. Lakini kitufe kilikuwa kimepigiliwa juu ya kizingiti cha chuma cha mlango. Nilikihamishia ukutani, chini zaidi, mahali ambapo mtu aliyeanguka anaweza kukifikia, na nyuma yake nikaweka kipande cha ubao. Chuma kikigusana na kitambuzi huharibu kazi ya antena yake. Tena mawimbi yanayorudishwa na mabati hukutana na yale yanayokuja moja kwa moja, na penginepo huuana. Kwa kuwa wimbi moja ni sentimeta 12 na nusu tu, kukisogeza kitambuzi upana wa vidole vinne huweza kukitoa katika shimo hilo. Jaribu mahali patatu au pane kabla ya kupiga msumari.

SABA, WEKA TARISHI ASIYELALA

Sasa ndipo tuliponunua kitu, na ni kitu kimoja tu kwa njia hii: tarishi mdogo wa kuchomeka, atumiaye umeme wa USB. Tulimweka katika chumba cha nyuma cha Jajja, dirishani, mahali panapotazama bafu. Hatukumpa umeme wa ukutani peke yake, bali tulimpitishia katika betri ya akiba iwezayo kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Kituo na ruta ya mjomba navyo viliwekewa akiba ya umeme. Kwa kuwa intaneti yaweza kukatika pia, mjomba aliongeza kengele chumbani mwake, iliyounganishwa na kituo bila kutegemea intaneti, nayo ina betri yake.

Kosa moja la kuepuka hapa ni kuunganisha kitambuzi mezani karibu na kituo, kisha kukipeleka mbali. Vitambuzi vingine hushikamana na yule waliyemzoea, hata kama sasa yuko mbali na jirani mpya yupo. Nilitoa betri ya kitufe, nikairudisha nikiwa ndani ya bafu, mlango umefungwa, ili kitafute upya kutoka pale pale kitakapokaa. Vingine hutaka kuunganishwa upya kabisa, navyo viunganishwe mahali pao.

Usiku wa tatu mvua ilinyesha. Jajja akazima taa yake. Nikabonyeza mara 20, na simu na kengele zikalia mara 20. Kisha kwa ruhusa ya mjomba tukakata umeme wa nyumba zote mbili katika swichi kubwa. Kitufe kilisikika mara 19, na ile moja iliyopotea ilifika nilipobonyeza tena. Niliandika 19 katika daftari wala sikuiandika 20, maana daftari likidanganya halina faida.

JAMBO LA MWISHO, NALO NDILO KUBWA

Nilisema mwanzo kwamba kitambuzi dhaifu chaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa na kitambuzi. Sababu ni hii. Nyumba ikiwa salama, kitambuzi hakisemi neno. Kitambuzi kikifa, pia hakisemi neno. Kwa mtu anayetazama simu yake, hali hizi mbili zafanana kabisa. Usiku ule mjomba alilala usingizi mzuri, kwa sababu simu yake ilikuwa kimya. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa hiyo kutengeneza hakutoshi. Hapana budi kuweka njia ya kutofautisha kimya cha amani na kimya cha mauti. Vitambuzi vingi hutoa salamu kwa vipindi maalumu hata kama hakuna jambo. Ifunze programu ya kituo ikupigie kelele wakati salamu zinapokosekana, si wakati wa hatari tu. Badilisha betri kabla ya kuisha. Na kila juma, mtu mwenyewe akibonyeze kitufe, mwingine ahakikishe kwamba kimesikika. Kwetu ni Jumamosi jioni. Jajja hubonyeza, mjomba huitika kwa sauti kutoka ng'ambo ya kiwanja, "Nimesikia, mama!" na kila mmoja huendelea na kazi yake.

Wenzangu, wengi wetu tutarudi nyumbani likizo ijayo, na kwa kuwa tumesoma, tutaulizwa habari za vyombo kama hivi. Tusiwe wepesi wa kusema, "Kibovu, nunua kingine." Tuandike, tujaribu wakati wa shida, tubadilishe jambo moja moja na kupima baada ya kila moja, na tuwaulize wale wanaoishi na chombo hicho kila siku, hata kama hawakusoma Fizikia. Mimi nilipata jibu langu kubwa kutoka kwa mwanamke mzee ambaye hakupata kufika shuleni.

Tena mjomba alinunua filimbi ile aliyoitaka Jajja. Imetundikwa bafuni kando ya kitufe, nami nadhani ni vyema ikae hapo. Na taa ya barazani Jajja huizima kila usiku, kama kawaida yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita